Aliyetupigia Makofi

Kule Xintang, kwa Wachina, kiwanda kizuri cha jinzi huingii kwa kubisha hodi. Mteja mgeni huletwa na mteja mwenyeji. Laoban, yaani bosi, anamimina chai na kumuuliza mwenyeji: rafiki yako? Ukiitikia, mgeni anapewa kikombe na kazi yake inashonwa. Ukikataa, atafute kwingine.

Siku moja, nami mteja mwenyeji, mlangoni nilimkuta Mzungu mzee, Kiswahili chake cha Arusha kabisa, anatafuta wa kumwingiza. Nilipotaja kwetu akafurahi. Akasema shamba la kahawa la pale lilikuwa la baba yake, na baba yake alikuwa upande wetu wakati wa kudai uhuru.

Nikamjua.

Walowezi wa kwetu walikuwa wawili, ndugu wa tumbo moja, mashamba yamepakana. Mkubwa alikaa juu, ameushika mfereji. Mdogo alikaa chini, anangoja masalio ya maji. Mkubwa aliupinga uhuru na kututukana waziwazi. Mdogo alikuja mikutanoni, akapiga makofi kutushinda sisi wenyewe. Lakini mama yangu, mpishi wake, alimsikia akimwambia mkewe kwamba bendera ikibadilika kaka atakimbia, na mfereji utakuwa wake. Basi ndiyo siri yao yote. Mmoja alipigania maji aliyonayo, mwingine maji aliyoyatamani. Sisi hatukuwamo.

Kaka akakimbia kweli. Mdogo akahamia juu, na katikati ya masika akabomoa vibanda vyetu, kwa kuwa vilikuwa kando ya mfereji. Mdogo wangu akafa kwa kichomi chini ya turubai. Shule yangu ikaishia hapo. Yule mkubwa alitutukana tu. Aliyeniulia ndugu ni mpiga makofi.

Tulipoketi ndani kungoja chai, nikamuuliza mwanawe kama anavikumbuka vile vibanda.

"Vya kando ya mfereji? Vibovu vile, mama," akacheka. "Baba alinipa mimi trekta nivivute. Kijana mimi, nilifurahi sana."

Laoban akaja na birika, akauliza swali lake. Neno la kukataa la masoko ya kule ni fupi.

"Mei you," nikasema. Hakuna.

Laoban akarudisha kikombe kwenye sinia. Mzee akaanza kunisihi, eti sisi ni watu wa nyumba moja.

"Nyumba ipi?" nikamuuliza. "Ile uliyoivuta kwa trekta?"

Alitoka na mvua inanyesha. Mimi nikanywa chai yangu.