Binti Yangu Sikumkabidhi

Ukitaka kuniambia kitu, kaa upande wangu wa kulia. Sikio la kushoto lilikufa nikiwa darasa la saba, na wateja wangu wote wanajua. Nauza supu ya kichwa karibu na machinjio pale Dagoretti, na mtu akitaka pilipili anazunguka benchi kwanza, anakuja kulia, ndipo aseme. Mgeni akiniongelesha kushoto nisimjibu, wachinjaji humcheka: "Hiyo upande imefungwa, boss. Ingia na mlango ingine."

Halikufa lenyewe. Liliuliwa, na walioliua nawajua. Majina sitaandika. Vyeo nitaandika, kwa sababu vyeo ndivyo vilivyowapa nguvu.

Wa kwanza ni mwalimu wa hesabu. Alinichapa kwa kuchelewa, siku ambayo maji yalikuwa yamekatika Waithaka nzima na mama alikuwa amenituma kupanga foleni ya mitungi. Niligeuza kichwa, fimbo ikanipata sikioni. Wa pili ni mwalimu mkuu. Alinikuta uwanjani damu ikishuka kwenye kola, akaniambia nikaoshe haraka, shati lisiingie doa. Wa tatu ni baba yangu mzazi. Mwanzo wa mwaka ule alinipeleka shuleni, akanisimamisha mbele ya mwalimu huyo huyo, akavua kofia, akakohoa kidogo, kisha akasema maneno ambayo wazazi wote wa mtaa wetu walikuwa wakiyasema: "Mwalimu, huyu nimekukabidhi. Ni wako. Akikosa mnyooshe, usiniulize."

Kwetu hiyo ilikuwa heshima. Mzazi asiyesema hivyo alionekana anamdekeza mtoto, au anamdharau mwalimu. Kwa hivyo niliporudi nyumbani sikio limevimba, baba hakuwa na la kumwambia mwalimu. Alikuwa ameshasema.

Wa nne nitamfikia.

Baada ya hapo nikawa simsikii mwalimu akiuliza swali kutoka upande wa dirisha, kushoto kwangu. Nisipojibu, nachapwa kwa kiburi. Fimbo iliniletea uziwi, na uziwi ukaniletea fimbo. Niliacha shule kabla ya mtihani wa darasa la nane na hakuna mwalimu aliyekuja kuuliza niko wapi. Ninavyoandika hivi nimejifundisha mwenyewe, kwa magazeti ya kufungia nyama na baadaye kwa vitabu vya binti yangu.

Sasa huyo binti alipomaliza Gredi ya Tisa, nikaamua atasoma sekondari ya kibinafsi, na nitaichagua mimi. Karo nilijua supu itaitoa, hilo halikunisumbua. Wazazi wenzangu walikuwa wakiulizana shule gani ina bwawa la kuogelea, gani ina basi jipya. Mimi nilikuwa na swali moja tu: mtoto wangu akikosa, anafanyiwa nini? Nilitaka azeeke na masikio yake yote mawili.

Kaka yangu mkubwa akasema ataniongoza. Yeye ni ofisa katika ofisi ya serikali pale mjini, mtu wa suti na tai, na katika ukoo wetu shule haichaguliwi bila yeye.

"Hiyo mambo niachie, madam wa supu," aliniambia kwa simu. "Huko ndani wanaongea Kizungu."

"Nitakuja na sikio moja, mkubwa, lakini nitakuja."

"Basi vaa viatu."

"Nitavaa mpaka soksi."

Alitupeleka kwa gari lake hadi shule ya bweni iliyo mbele huko nje ya mji, ambako miti inaanza kuwa mirefu na nyumba zinajificha nyuma ya ua. Ukutani kwenye lango waliandika NIDHAMU kwa herufi kubwa kuliko jina la shule. Ndani, wanafunzi walikuwa wakipita kwa mstari, mikono nyuma, macho chini. Kaka alifurahi kama aliyejenga yeye.

"Unaona? Hata sauti husikii."

"Mimi kutosikia sauti ni kawaida yangu," nilimwambia.

Lakini binti yangu, ambaye husikia hata nzi akitua kwenye sukari, alisogea kulia kwangu akanong'ona, "Mathe, hapa kuko kimya vibaya."

Haki ni haki, wacha niseme na mazuri yao. Maabara yao ilikuwa kitu cha kushangaza. Katikati ya chumba waliweka injini ya ndege, ya kweli, imepasuliwa upande mmoja ili mtu aone matumbo yake. Binti yangu anataka kuwa injinia wa ndege tangu akiwa mdogo, akihesabu zile zinazopita juu ya paa letu kwenda kutua uwanja wa Wilson. Alipoiona ile injini aliacha kutembea. Aliishika kwa vidole viwili, polepole, kama mtu anayeangalia kama chai imepoa. Moyo wangu ukasema, hapa tumefika.

Naibu wa mwalimu mkuu alitukaribisha ofisini. Alikuwa mtu mpole, sauti laini, mpaka nikahamisha kiti nimweke kulia. Akamuuliza binti maswali ya hesabu, akajibu yote. Akauliza kama sisi tuna swali. Nikatoa langu.

"Mama, viboko serikali ilikataza," alisema akitabasamu. "Sisi tunafuata sheria."

Kaka aliniangalia, kana kwamba ananiambia, sasa umetulia? Na kweli nilianza kutulia. Kisha naibu akakunja mikono juu ya meza.

"Ila tuna utaratibu wetu mdogo. Mzazi husimama na mtoto wake, halafu anatuambia mwenyewe, mtoto akisikia, kwamba ametukabidhi. Hatuandiki popote. Ni neno tu kati ya watu wazima. Sheria ni sheria, lakini malezi ni malezi, ama namna gani?"

Kabla sijafungua mdomo kaka alikuwa amesimama. Alifunga kifungo cha koti, akaweka mkono begani kwa binti yangu, akakohoa kidogo.

"Mwalimu, huyu tumekukabidhi. Ni wako. Akikosa mnyooshe, usituulize."

Alisema kwa sauti ya baba. Hata kile kikohozi kilikuwa cha baba. Binti yangu hakuangalia naibu, hakuangalia anko wake. Aliniangalia mimi, akingoja.

Nikasimama.

"Mwalimu, aliyesema si mzazi," nilisema. "Mzazi ni mimi, na mimi sijakabidhi mtu. Nimemleta asome. Akiwa darasani ni wangu, akiwa bwenini ni wangu, na akikosa utaniuliza."

Huenda nilisema kwa nguvu. Sisi wa sikio moja hatujui kupima. Karani wa nje alifungua mlango akachungulia.

"Labda mama hajatuelewa," naibu alisema, bila kukasirika, akimwambia kaka.

Kaka akamjibu kwa Kizungu. Nililolishika ni sori tu. Nimeingoja sori ya hayo mambo tangu darasa la saba, na siku ilipotoka mdomoni mwa mtu wa familia yetu, ilikuwa inaenda kwa mwalimu.

Nje, binti aliingia kwenye gari akafunga mlango. Mimi na kaka tulibaki tumesimama na boneti katikati yetu.

"Umeniaibisha."

"Nani alikutuma useme?"

"Hiyo ndio ilitufanya tukawa watu. Mimi nilichapwa kukushinda. Niangalie."

"Nakuangalia."

"Wewe ulikuwa kichwa ngumu tu."

"Kichwa kilikuwa sawa, mkubwa. Ni sikio." Nikamsogelea. "Ile fimbo ilikatwa na nani?"

Huyo ndiye wa nne. Kaka yangu alikuwa darasa la nane mwaka ule, kiranja. Mwalimu wa hesabu alipotaka fimbo alimtuma yeye kwenye ua wa kaiyaba, ule wa miiba mirefu uliozunguka shule. Kila mtoto alijua kwamba ukitumwa unaweza kukata nyembamba, ikavunjika mapema, na mwalimu akachoka. Viranja wengine walifanya hivyo kwa siri na tuliwapenda kwa hilo. Kaka alileta nene. Aliitoa miiba yote, akaichonga ncha ikawa laini, kwa sababu alitaka mwalimu aone kwamba kazi yake ni safi. Mwalimu aliisifu mbele yangu kabla ya kuitumia.

"Nilitumwa," kaka alisema.

"Ulitumwa fimbo. Unene hukutumwa."

"Nilikuwa mtoto."

"Hata mimi."

Akazungusha ufunguo kidoleni mara kadhaa. Mlinzi wa lango alijifanya anafagia mahali palipokuwa safi. Kaka akasema tu, "Ingia twende," nami nikaingia nyuma, nikakaa na binti yangu.

Alikuwa amenuna. Tulipofika barabara kubwa ndipo akasema, "Lakini Mathe, si uliona hiyo injini?"

"Niliona."

"Hawangenichapa kila siku. Ningevumilia."

Pale pale shauri lilikwisha kwangu. Ningekuwa na shaka yoyote, hilo neno lingeiondoa. Mtoto hajachapwa hata mara moja na tayari anapanga jinsi ya kuvumilia. Nilimshika mkono nikamwambia, "Sikukuzaa uvumilie." Aligeukia dirisha mpaka Waithaka, na mimi sikumbembeleza. Alikuwa na haki ya kuililia injini yake.

Shule aliyoingia niliipata mwenyewe, mjini kabisa, orofa za juu za jengo ambalo chini yake wanauza vitambaa. Ni shule ya kutwa. Kiwanja hakuna, watoto wanacheza mpira wa vikapu juu ya paa na wavu umezungushwa mipira isiangukie watu barabarani. Kelele zake zinaanza kwenye ngazi. Hata mimi nilizisikia. Mwenye shule, ambaye pia ndiye mwalimu mkuu, ni mama wa Kihindi aliyezaliwa Ngara, nywele nyeupe, raba miguuni, na Kiswahili cha mjini kunishinda.

Alikuwa akitutembeza, msichana mmoja akatokea mbio kwenye kona na trei ya vioo vya maabara, akamgonga. Vioo vikaenda chini vyote. Mimi nilikuwa nikitazama mikono ya yule msichana. Haikupanda kukinga kichwa. Ilibaki imeshika trei tupu.

"Ufagio uko wapi?" mwalimu mkuu akamuuliza.

"Kwa kona, Madam. Pole, Madam."

"Pole ya nini, mimi si kioo. Leta ufagio."

Msichana akafagia, mwalimu mkuu akainama akamshikia kizoleo, wakabishana kidogo kama kuna kipande kilichobaki chini ya kabati. Kilikuwapo. Kisha tukaendelea na ziara.

Ofisini nilimuuliza swali langu.

"Akikosa nakupigia simu," alisema. "Unakuja, tunamkalisha katikati, tunaongea mimi na wewe mpaka achoke. Watoto wanaogopa hiyo kuliko kitu yoyote."

"Na mnataka nimkabidhi?"

Alinitazama kama hajaelewa. Nikamweleza. Akacheka.

"Mama, nimpeleke wapi? Nyumba yangu ni ndogo. Jioni njoo uchukue mtoto wako."

Sitadanganya mtu: maabara yao ni chumba kimoja chenye masinki mawili, moja linavuja. Injini waliyo nayo ni ya cherehani. Binti yangu aliitazama, akanitazama, akapumua. Lakini akasema, "Sawa. Hawa wanaongea, angalau."

Kwenye kundi la simu la ukoo wetu walisema nimemharibia mtoto maisha, nimekataa shule ya maana kwa sababu ya kiburi. Shangazi mmoja aliandika kwamba mtoto asiyekabidhiwa hana mwalimu. Niliwajibu wote kwa sentensi moja, kwamba mtoto ni mzima na anaendelea vizuri, kisha nikarudi kuchemsha vichwa.

Kaka alikuja Dagoretti muhula ulipokuwa umeanza, na suti yake, akakanyaga matope ya machinjio bila kulalamika. Nilimwekea supu. Benchi lilikuwa wazi lote, akaja akakaa kushoto kwangu. Alikunywa nusu bakuli, akainama, akasema kitu. Niliona midomo ikitembea. Wachinjaji walitugeukia wakingoja nimwambie azunguke. Sikumwambia. Kama ilikuwa sori, anajua upande wa kulia uko wapi. Amenijua tangu nizaliwe. Nilimwongeza supu, akanywa, akaenda. Siku akizunguka, nitasikia.

Binti yangu hurudi jioni na kelele za ile shule bado mdomoni. Juzi aliingia, akatupa mkoba, akafunua sufuria kabla hajanisalimia.

"Mathe, leo nilimwambia mwalimu wa hesabu amekosea. Mbele ya darasa mzima."

Nilikuwa nakata vitunguu. Kisu kilisimama chenyewe. Sikio la kushoto, lile lililokufa, likawaka moto.

"Akafanya nini?"

"Akaangalia ubao." Alikuwa akitafuta kijiko. "Akasema, ebu nione. Akafuta, akaandika upya. Kwani hakuna mchuzi?"