Mavyaa Wangu Alivyojifunza Kufinyanga

Vita ya Maji ilipoanza nilikuwa bi arusi wa juzi. Tulikaa kijiji cha kando ya njia, mwendo wa asubuhi moja kutoka Kibiti, na nyumbani tulikuwa watatu: mume wangu, mimi, na mavyaa wangu, mama aliyemzaa mume wangu. Mavyaa alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, asiyependa maneno mengi. Wali wangu kwake ulikuwa ama mbichi ama bokoboko. Nikifagia ua, alisubiri nimalize, kisha alichukua ufagio akafagia tena kimya kimya. Afadhali angenitukana.

Mume wangu alikwenda Ngarambe pamoja na wenzake kufuata maji ya dawa. Alirudi na kibuyu kidogo, kadiri ya ngumi ya mtoto, akakitundika juu ya mlango.

"Risasi za askari zitayeyuka, mama," alisema.

Mavyaa alimtazama mwanawe. Hakuwa na mwingine. "Na wewe umeyasadiki hayo?"

"Watu wote wameyasadiki."

Wiki haikwisha wakavuka mto kwenda upande wa Umatumbi. Tukabaki wanawake wawili ndani ya nyumba moja, tusiojua la kuambiana.

Askari walipopita kijijini kwetu, walikuwa wakitafuta maji hayo. Machoni mwao kila chombo chenye maji kilikuwa na dawa. Walivunja mitungi, walivunja vyungu vya kunawia, walivunja hata chungu changu cha mchuzi kilichokuwa jikoni na kambare ndani yake. Cha ajabu, kile kibuyu cha juu ya mlango hawakukiona. Baadaye ndipo nilipojua kwamba mavyaa alikuwa amekitupa chooni alfajiri, habari za askari zilipotufikia. Hakuniambia, wala mimi sikumuuliza.

Ua ulijaa vigae. Siku nyingi tulikula mihogo ya kuchoma majivuni, maana hatukuwa na cha kupikia. Vyungu vyetu tangu zamani vililetwa na wanawake wa ng'ambo ya mto, wakibadilishana nasi kwa mpunga na chumvi, na sasa mto ulikuwa hauvukwi.

Ndipo alipokuja yeye. Alikuwa mwanamke wa Kimatumbi, mtu mzima, aliyevushwa usiku kwa siri, ufizi wa juu hauna jino hata moja, na miguu imevimba kwa safari. Kijiji chake kilikuwa kimechomwa moto, ghala zake pia. Alipiga hodi nyumba tatu kabla ya yetu. Mavyaa akamkaribisha, akampa muhogo na maji kwenye kifuu cha nazi.

Mgeni alikitazama kifuu. "Dada, hamna hata bakuli?"

"Tazama uani," mavyaa alimjibu.

Akatazama. Kisha akainuka na ile miguu yake mibovu, akaanza kuokota vigae, kimoja kimoja, akivigonga kwa kucha na kuviweka kwenye upindo wa nguo. "Hivi hamjavitupa, vizuri sana. Kinu mnacho?"

Hivyo ndivyo masomo yalivyoanza. Sisi tulimwita Bibi wa Ng'ambo. Kimatumbi chake na Kindengereko chetu vilikaribiana, na palipokosana tulitumia Kiswahili na mikono. Alisema atatufundisha kufinyanga, nasi tumpe mahali pa kulala. Mavyaa alimwambia mahali pa kulala amekwishapata, na hilo la kufundisha ni hiari yake.

Asubuhi tulikuwa kwenye shamba la pamba la jumbe, kwa amri. Adhuhuri tulikwenda kuwinga ndege kwenye mpunga wetu. Kwa hiyo saa yetu ya kusoma ilikuwa baada ya sala ya alasiri, mpaka magharibi. Wanafunzi tulikuwa watatu: mimi, mavyaa, na jirani yetu mmoja mjane, msukaji wa mikeka, aliyekuja siku ya kwanza kutazama tu na siku ya pili akaja na kiti chake.

Jioni ya kwanza hatukugusa udongo. Tulitwanga vigae. Vyungu vyote vilivyovunjwa viliingia kinuni, tukatwanga, tukachekecha, tukatwanga tena, mpaka ikawa chenga laini kama unga wa dona.

"Udongo mtupu hupasuka," Bibi wa Ng'ambo alisema. "Mtieni huyu aliyekwisha kuuona moto. Atamwonyesha mwenzake njia."

Udongo wenyewe tuliuchimba bondeni, kwenye ukingo wa kijito kilichokauka, ule mweusi unaonata kwenye kisigino. Tuliuloweka, tukaukanda kwa miguu, tukachanganya na ile chenga. Kisha akatuonyesha. Alichukua kigae kipana akakiweka chini, akabandika juu yake mkate wa udongo uwe kitako, akaviringisha kamba za udongo kati ya viganja na kuzipandisha moja juu ya moja, huku kigae kikizunguka taratibu kwa msukumo wa vidole vya miguu. Kwa ndani alilainisha kwa kipande cha kibuyu, kwa nje kwa gunzi la muhindi. Chungu kiliota mbele yetu na yeye anaongea habari nyingine kabisa, habari za mbuzi wake.

Nasi tukajaribu. Jirani yetu, kwa kuwa vidole vyake vilikwishazoea ukindu, alizipanga kamba zake sawasawa tangu siku ya kwanza. Mimi nilikuwa wa kati kwa kati. Aliyeshindwa alikuwa mavyaa.

Sijui niseme vipi furaha niliyoipata, na Mwenyezi Mungu anisamehe. Mwanamke yule aliyefagia nyuma yangu tangu niolewe alikaa chini ameukunja uso, na chungu chake kikaegemea upande kama mtu aliyelewa tembo. Alikivunja, akakanda tena. Kikaegemea upande wa pili.

"Mikono yako inagombana," Bibi wa Ng'ambo alimwambia. "Wa kulia unaamuru, wa kushoto hautaki."

"Udongo huu ndio mbaya," mavyaa alisema.

"Udongo ni huo huo wa mkweo."

Mavyaa akageuka akakitazama chungu changu. Nilijiandaa kwa maneno. Akanyoosha kidole, akagusa mdomo wa chungu, pale nilipokuwa nimeukunja. "Hapa umefanyaje?" aliniuliza. Ilikuwa mara ya kwanza tangu niingie nyumba ile mavyaa kuniuliza kitu asichokijua. Nikamshika mkono, nikamwonyesha. Kiganja chake kilikuwa kigumu kama ubao na chenye joto, na nilikuwa sijawahi kukishika zaidi ya kukipokea nikimwamkia.

Bibi wa Ng'ambo alikuwa na sharti moja. Habari za vita zisiletwe wakati mikono iko udongoni. Hakutoa sababu kubwa. Alisema mkono unaotetemeka hutoboa ukuta wa chungu, basi. Siku moja jirani yetu alikuja na habari kwamba watu wengi wameuawa ng'ambo, akaanza kusimulia. Bibi wa Ng'ambo akamwondolea chungu mbele yake, akakifunika kwa jani la mgomba. "Nawa kwanza," alimwambia. "Kisha useme, tukusikilize wote." Akanawa, akasema, tukalia. Yeye Bibi wa Ng'ambo alilia kuliko sisi, maana wanawe wawili walikuwa huko. Adhana ikatukuta tungali tumekaa. Jioni ya pili akakifunua kile chungu na kumrudishia mwenyewe, nasi tukaendelea.

Vyungu vya kwanza tulivikausha kivulini siku saba. Bibi wa Ng'ambo alitaka kumi na nne, lakini tulikuwa tumechoshwa na muhogo wa majivuni, tukamsumbua mpaka akachoka. "Haya," alisema, "wengine husoma kwa macho, wengine kwa masikio." Hatukumwelewa. Tukapanga vyungu nyuma ya nyumba, tukazungushia magome makavu, makuti na pumba za mpunga, tukawasha.

Moto haujakolea tukasikia, pa! Kisha, pa! pa! Vilikuwa na unyevu bado, na vilipasuka kwa mlio wa bunduki hasa. Kijiji kizima kilikimbia. Watu waliacha jiko linawaka, waliacha mbuzi kambani, mzee mmoja aliyesemekana hawezi kuinuka kitandani alionekana ng'ambo ya shamba la mihogo. Sisi tulibaki tumesimama kando ya moto wetu. Bibi wa Ng'ambo alikuwa amekaa chini, ameshika mbavu, anacheka kwa ule ufizi wake mpaka machozi. Na mavyaa, ambaye sikuwahi kumwona akicheka, akaanza kutetemeka mabega, akajiziba mdomo kwa upindo wa kanga, kisha akashindwa. Akaniangukia begani. Tulicheka pale mpaka watu wakaanza kurudi mmoja mmoja kutoka porini, wakatutukana vya kutosha.

Jumbe alitukaripia. Tukatwanga vigae upya, maana sasa tulikuwa navyo tele, tukaanza tena. Safari hii tulingoja siku kumi na nne na mbili juu yake.

Tulichoma asubuhi, siku isiyo ya zamu yetu kwa jumbe, jua limekwishapanda, wakati watu wengine nao walikuwa wakichoma mabua mashambani, ili moshi wetu usionekane peke yake. Hakikusikika kitu. Mchana moto ulipokufa, tukaviona vyungu vimelala majivuni, vyekundu, vyenye mabaka meusi. Vilikuwa tisa. Tulikuwa tunavingoja vipoe ndipo askari wawili walipotokea pembeni mwa nyumba.

Mkubwa wao alishika bunduki mbele. "Mnapika dawa?"

Jirani yetu akainamisha kichwa. Mimi nikarudi nyuma. Mavyaa akasogea mbele.

"Tunachoma vyungu, baba. Vile vya kwanza vilivunjwa."

"Wanaume wenu wako wapi?"

"Mwanangu yuko Mbwera, kwenye visiwa vya mdomo wa mto. Anakata mikoko."

Alilitoa neno hilo bila kupepesa macho. Mimi nilijua, na yeye alijua, kwamba hatukuwa na habari yoyote ya mwanawe tangu avuke mto.

Yule askari wa pili alikuwa kijana, mwenye Kiswahili cha bara. Alichuchumaa karibu na majivu, akaanza kuvigonga vyungu kwa kifundo cha kidole, kimoja baada ya kimoja, akitega sikio. Vililia vizuri, ngi, ngi, kama kengele ya mbuzi. "Hivi vimeiva," alimwambia mwenzake. Kisha akatuambia sisi, kwa sauti nyingine, "Mama yangu hufinyanga." Akachukua kimoja. Nacho ndicho kile cha mavyaa, kilichoegemea.

"Hicho kimepinda, baba," mavyaa alisema kabla hajajizuia. "Chukua kizuri."

"Mafiga yetu nayo yamepinda," kijana alijibu. Akakiweka kwapani, wakaenda zao.

Tuliwatazama mpaka wakapotea njiani. Kisha mavyaa akasema, "Mmeona? Vyote tisa, na amechagua changu." Habari hiyo aliisimulia mpaka mwisho wa maisha yake, kwenye arusi na kwenye misiba, na kila mara chungu kiliendelea kunyooka kidogo.

Jioni ile tulipika wali. Ulikuwa bokoboko. Mavyaa akala, akaomba kuongezwa.

Vita ikaisha, njaa ikaingia. Tulichimba mizizi ya porini, na ilihitaji kuchemshwa mara nyingi na kumwagwa maji ili isituue. Bila vyungu tusingeweza. Watu wa vijiji vya jirani walikuja kuazima, kisha wakaja kujifunza, na jioni nyingine tulikuwa wanane au tisa pale uani. Njaa hiyo ndiyo iliyomchukua jirani yetu msukaji wa mikeka. Tulimzika siku ya mvua ya kwanza.

Mume wangu alirudi mvua hizo hizo. Alikuja kwa njia ya mto, amekonda, mikono imejaa magamba ya utomvu mweusi. Alipowaona wenzake wakianguka mbele ya risasi zisizoyeyuka alikimbia, akateremka na mto mpaka kwenye visiwa, na muda wote ule alikuwa amejificha kwa watu wa Mbwera, akikata mikoko. Mavyaa aliposikia alikaa chini. Alimwomba mwanawe arudie kusema, akarudia. Akamshika miguu kwa mikono yake miwili, yenye udongo mpaka kwenye viwiko, asimwachie.

Bibi wa Ng'ambo alikaa nasi misimu miwili ya mpunga. Kisha ikaja habari kwamba mwanawe mmoja yu hai, amejenga kibanda pale palipokuwa na nyumba yao. Tukamsindikiza mpaka kivukoni, mavyaa amembebea mzigo wake kichwani, wala hakukubali nimpokee. Njia nzima wale wazee wawili walibishana kuhusu udongo: yupi wa kunata zaidi, wa bondeni kwetu au wa milimani kwao.

Mtumbwi uliposukumwa, Bibi wa Ng'ambo akapiga kelele kutoka majini, "Siku kumi na nne! Msiwasikilize wenye njaa!"

"Tumesikia!" mavyaa alijibu.

Mtumbwi ulipofika kati ya mto mavyaa alinigeukia, akasema tuharakishe, mpunga umebaki peke yake na ndege. Tukarudi. Njiani alinishika mkono pale penye utelezi, na tulipofika pakavu hakuuachia.