Afadhali Mbaya Kuliko Kiziwi

Wateja walimwita Vidole, na jina lilimkaa. Alisuka haraka kiasi kwamba anayesubiri zamu hakuthubutu kutoka nje kununua soda. Saluni yake ilikuwa chumba kimoja chenye viti viwili, draya ya kofia inayonguruma kama lori bovu, sinki la kuoshea nywele kwenye kona, na kioo kikubwa ukutani. Watu walidhani kioo kile ni cha wateja. Kilikuwa chake. Msusi husimama nyuma ya mtu, na kwa miaka kadhaa Vidole alikuwa hapati maneno ya mtu asipouona mdomo wake.

Si kwamba dunia ilikuwa kimya. Binti yake aliwahi kumburuta hadi hospitali, na mpimaji wa masikio akawaeleza vizuri: sauti nene zinaingia, nyembamba zinapotea njiani. Kwa hiyo sentensi inamfikia ikiwa na matundu, naye anayaziba kwa kubahatisha. Kumpigia kelele hakusaidii. Kinachosaidia ni kumtazama usoni, kuzima draya na kusema kwa utulivu. Na kifaa kidogo cha kuvaa nyuma ya sikio kingesaidia zaidi.

"Kivae wewe," Vidole alimwambia binti yake wakiwa njiani kurudi. "Mimi kichwa changu ndicho bango la biashara. Nikibana nywele juu, watu waone nini?"

"Waone sikio, mama."

"Waone kiziwi."

Basi akaishi kwa ujanja. Wakicheka, alicheka. Wakinyamaza, alisema "makubwa haya", maneno yanayofaa popote. Nasi tusijifanye hatujui woga huo aliutoa wapi. Mtu akichelewa kuitika tunamuuliza, "We kiziwi nini?" na hatuulizi kwa upole. Mwenye miwani tunamwita msomi. Mwenye kifaa sikioni tunaongea na aliyemleta, kana kwamba yeye ni mzigo. Vidole alikuwa amevisikia vicheko hivyo tangu masikio yake yakiwa mazima. Vingine vilikuwa vyake mwenyewe.

Siku moja akaja Mwalimu, anayefundisha shule ya msingi ya jirani, mteja wake tangu saluni ilipokuwa na kiti kimoja. Darasani sauti yake husikika hadi barabarani, lakini siku hiyo aliingia kimya, akaenda moja kwa moja kwenye sinki. Vidole alimlaza kichwa, akafungua maji. Pale kwenye kona kioo hakifiki, na draya ilikuwa inanguruma juu ya kichwa cha mteja mwingine.

"Utanisuka za kawaida tu," Mwalimu alisema, macho darini. "Nimefiwa na mama, dada."

Vidole alipata mwanzo, akapata na mwisho. Katikati palikuwa na tundu. Akaliziba: nimefika na mama.

"Ndiyo ukamwacha nje?" alisema huku akicheka, akimsugua povu. "Mwite aingie bwana. Leo namtengeneza bure, atoke hapa kama bibi harusi."

Mwalimu alifumba macho. Vidole alidhani anaona haya kupokea cha bure.

"Au anaficha mvi? Mwambie dawa ninayo. Baba atamtongoza upya."

Mama muuza mitumba, aliyekuwa kwenye benchi akisubiri zamu, aliinuka, akamshika bega na kumgeuza.

"Vidole. Mwenzio amesema amefiwa. A-me-fi-wa."

Hapo ndipo alipotakiwa kusema. Neno moja tu, sikusikia, na kila aliyekuwemo angeelewa. Lakini muuza mitumba alikuwa na mdomo usio na mlango. Kufika jioni mtaa mzima ungejua kwamba msusi wao hasikii hata misiba. Uso ulimwaka. Kinywa kikatangulia akili.

"Nimesikia," alisema. "Nilikuwa natania tu, nimchangamshe."

Mwalimu aliinuka. Povu lilimtiririka shingoni hadi kwenye kola. Alimtazama Vidole kama anayemwona leo kwa mara ya kwanza, akajifunga taulo kichwani, akatoka hivyo hivyo.

"Una roho ngumu, mama," muuza mitumba alisema, uso kwa uso, kisha naye akachukua mkoba wake. Hilo halikuwa na tundu hata moja.

Nyumbani, binti yake alisikiliza hadi mwisho wala hakugomba, na hivyo ndivyo ilivyouma zaidi.

"Kwa hiyo Mwalimu anajua wewe ni katili," alisema. "Kwamba husikii, hajui."

"Ndiyo."

"Na umechagua mwenyewe."

Vidole aliinamia sahani. Chakula kilipoa mbele yake.

Kesho yake alikwenda msibani. Wanawake walikuwa wameketi kwenye mikeka, muuza mitumba akiwa miongoni mwao, na alipoingia midomo yote ilisimama. Alitamani ardhi ipasuke immeze. Akapita katikati yao, akapiga magoti mbele ya Mwalimu aliyeegemea ukuta.

"Pole, Mwalimu. Jana sikukusikia."

"Ulisema umesikia."

"Nilidanganya. Masikio yangu yameharibika muda mrefu. Nilidhani umesema umefika na mama. Nilipoambiwa ukweli, nikaona afadhali uniite mbaya kuliko hawa waniite kiziwi."

Hakuna aliyecheka. Muuza mitumba alijitia kukunja upindo wa khanga yake. Mwalimu aligeukia ukuta, akasema kitu kifupi, na Vidole akapata mkia wa neno tu. Ukae, au upotee. Kichwa chake kilikwisha kuanza kuitikia chenyewe, mazoea yale yale. Akakizuia.

"Sijasikia," alisema. "Umesema nikae au nipotee? Nigeukie, tafadhali."

Mwalimu aligeuka taratibu. Macho yalikuwa yamevimba. Alisema bila haraka, mdomo ukionekana wote.

"Nimesema ukae. Lakini sijakusamehe."

Vidole aliyasikia yote mawili. Akakaa.