Ufunguo wa Restituta

Asubuhi ile tulikunywa uji. Mke wangu Restituta akachukua jembe aende Mwamkulu kwenye mpunga. Jioni yeye na wanawake wenzake walikuwa na kikao cha kikoba, chama chao cha akiba. Akafungua pindo la kanga, akanipa ufunguo wa sanduku lao na maneno machache. Nikaitikia tu, natafuta kandambili zangu.

Mchana bodaboda ikamleta, hajitambui. Presha. Jua halijazama, nikawa mgane.

Alizaliwa Kapalamsenga, kwa wavuvi. Hakununua kitu bila kukijaribu. Samaki alimbonyeza jicho. Mchele aliutafuna mbichi palepale gulioni, muuzaji akinuna na anune. Miaka yote tuliyokaa Makanyagio, hapa Mpanda, hakuleta nyumbani mchele wenye uvundo.

Sanduku lao lina kufuli tatu, na wanawake watatu wana ufunguo mmojammoja. Mwenye shaka hafungui, na hakuna wa kumlazimisha. Ndiyo sheria yao.

Jumapili kabla ya kifo chake, walikaa barazani kwetu. Hadia, mwenye duka la simu, alitaka akiba ya wote ikanunue hisa za kampuni ya ng'ambo inayobuni chipu, vile vipande vidogo ambavyo ndio ubongo wa simu na kompyuta. Kaka yake Yasser yuko Dar, hisa hizo ananunua kwa simu. Mwenzao Pelagia naye alitaka kampuni nyingine, yenye kiwanda chake.

"Kiwanda cha nini?" Hadia akasema. "Yangu inachora, wengine wanatengeneza. Dunia nzima imepanga foleni kwake."

"Na siku mwenye kiwanda akinuna? Mtakuja kuzikaanga jikoni kwako?" Pelagia akamrudishia.

"Nyie mna kiwanda kikubwa, chipu zinazotoka nusu mbovu! Mashine ya kukoboa inayotoa chenga tupu, hiyo nayo mashine?"

Wakacheka, cheko la meno tu. Restituta anachambua mchele.

"Mama Fabiani, na wewe sema," Hadia akamgeukia. "Bei inapanda. Treni haimsubiri mtu."

"Ya Mpanda husubiri," akajibu. Ufunguo akaufunga tena kwenye pindo.

Tulipoanua matanga wakaja wote, na sanduku lao. Hadia na Pelagia wameshapatana: nusu huku, nusu kule. Kufuli mbili zimefunguliwa. Ya tatu ilikuwa kwangu.

"Pole, Baba Fabiani," Hadia akasema. "Tunaomba ufunguo."

Niliushika. Jasho la Restituta la shambani limo mle sandukuni, sasa linakwenda kwenye kitu ambacho hakukitafuna. Ningesema umepotea, nani angebisha? Lakini aliniachia neno. Lilikuwa na pande mbili, na mimi siwezi kuchukua upande mmoja nikautupa mwingine.

Nikaweka ufunguo mkononi mwa Pelagia. Nikamzuia kidogo. Nikasema kaeni kwanza, msikie alivyoniambia asubuhi ile:

"Nikichelewa kikao, wape ufunguo. Ila waambie, mimi bado sijaelewa."