Meli ya Sylvance Haikuzama

Odero wa Mbotela alikuwa fundi wa mbao Kariobangi, na mikono yake ilikuwa mikubwa hata akishika randa, randa yenyewe haionekani. Wapita njia walidhani analainisha ubao kwa kiganja. Kabla ya vitanda na makabati alikuwa akiunda mashua kwao ziwani. Aliunda kumi na moja. Ziwa lilikula tatu, na ndani ya hizo tatu likala wadogo wake wawili. Alipomzika wa pili, alifunga msumeno katika gunia, akapanda basi la Nairobi, akaapa kwamba mwanawe hatatia mguu ndani ya mashua, hata iwe imeegeshwa barazani.

Kwa hiyo Sylvance, kifungua mimba wake, alipopata kazi ya kusugua na kupaka rangi katika meli ya mizigo, mama yake, Amondi, alilia, lakini Odero alicheka mpaka kofia ikaanguka.

"Mama Sylvance, unalia nini? Ile si mashua. Ni meli!"

"Kwani zote haziko majini?"

"Mbu na tai wote wako hewani. Ni kitu kimoja?"

Tangu hapo hakuna mteja aliyeagiza kitanda asihubiriwe. Mashua, alisema Odero, mtu mmoja huiunda peke yake, na samaki mmoja mwenye hasira huipindua. Meli ni mtaa mzima. Ya Sylvance ilikuwa ndefu hata mvua ikinyesha kichwani, mkiani wanaanika nguo. Nahodha akiondoka Jumatatu kuikagua kwa bodaboda, anarudi Alhamisi na ndevu. Mursal, muuza misumari wa kibanda cha pili, akamuuliza kama humo mna msikiti.

"Miwili," Odero akajibu bila kupepesa. "Na inagombania mwezi."

Mwezi wa nne simu za Sylvance zikakatika. Wa tano kimya. Wa sita ajenti aliyempeleka akasema kwa ufupi: kijana alipotea baharini, mwili haukuonekana, barua inakuja.

Kwao, mtu akimezwa na maji asionekane, haachwi hivi hivi. Huchumwa yago, tunda la mwegea, refu na zito, likazikwa kwa jina lake ili roho isitangetange. Kaka mkubwa wa Odero akapiga simu kutoka ziwani: tunda liko tayari, njooni. Odero akakataa katakata.

"Yago ni la watu wa mashua. Mashua ikizama, jioni unahesabu waliorudi. Meli haizami. Mtu wa meli anaweza kushuka bandari fulani, akaoa huko, akapoteza namba zetu. Na mtu akishazikwa, haruhusiwi kuingia tena lango la baba yake. Mnataka arudi nimfukuze?"

"Baba Sylvance," Amondi akasema, "mimi hata kulia siwezi sawasawa. Majirani wakiniuliza, nasema ni mafua."

Odero akashika randa tena. Kilichomzuia hakikusemeka: ni yeye aliyemwambia kijana, nenda. Kama meli na mashua ni mamoja, basi ni yeye aliyemtupa majini kwa mkono wake.

Barua ikafika. Whitney, binti yao, akaketi kibandani juu ya kitanda kisichomalizika, akawasomea.

"Meli iko salama. Ilitia nanga na mizigo yote."

Odero akaruka juu. "Mursal! Umesikia? Haikuzama! Nilikwambia nini?"

"Alhamdulillahi, mzee!" Mursal akaja mbio, misumari ingali mkononi.

Amondi hakuinuka.

"Baba, sijamaliza," Whitney akasema, sauti ikipungua. "Ilikuwa siku ya mazoezi. Meli hubeba mashua ndogo ubavuni. Sylvance na wenzake watatu waliambiwa waingie katika moja. Ilipokuwa inateremshwa, waya ukakatika. Wale watatu waliokotwa."

Mursal akatazama chini.

"Meli inabeba mashua?" Odero akauliza.

"Ndiyo, Baba."

"Ya kazi gani? Meli yote ile, mashua ni ya kazi gani?"

"Ni ya kuwaokoa. Meli ikizama."

Odero akakaa chini palepale, kwenye maranda. Kisha akauliza jambo ambalo fundi tu angeuliza.

"Ilikuwa ya mbao?"

Whitney akatafuta katika karatasi. "Plastiki."

"Beseni," Odero akasema. "Mwanangu alikufa ndani ya beseni."

Kesho yake akampigia kaka yake simu kwamba wanakuja. Kaka akashauri kisanduku kidogo kinatosha, tunda lenyewe ni kama mtoto mchanga. Odero hakutaka kusikia. Akatengeneza jeneza la mvule, futi sita na inchi mbili, urefu kamili wa Sylvance.

Siku ya mazishi walipoliinua, yago likabingirika toka kichwani hadi miguuni, ndu! Wabebaji wakasimama, wakatazamana. Odero akaomba liwekwe chini, akang'oa misumari, akashindilia blanketi mbili pande zote, akagongomea tena.

Wakaliinua. Yago likabingirika.

"Nendeni tu," Amondi akasema.

Wakaenda nalo hivyo hivyo mpaka shimoni.