Kivuli Nilichompandia Mama

Nilimkuta mama yangu mzazi ameegemea ukuta wa nyumba ya watu, macho kafumba, jua la saa tisa linampiga usoni.

Aliyenipigia simu ni fundi cherehani, jirani wa nyumba ya nne. Alisema nije nione mwenyewe, maana kachoka kuulizwa na wateja yule bibi ni wa nani.

"Wiki ya tatu hii, kila siku yuko hapa," akaniambia huku akikata uzi kwa meno. "Kijana, kwako kuna nini?"

Nilimshika mama mkono tukaondoka, macho ya mtaa mzima yako mgongoni kwangu. Njiani nikamuuliza anafuata nini pale. Akasema ananyoosha miguu tu.

Sasa niwaeleze mimi ni nani. Kazi yangu ni bustani. Napanda, napogoa, nauza miche. Na nyumba yangu ndiyo tangazo langu.

Tulipohamia, nyumba ile ilikuwa tanuri. Upande wa magharibi haukuwa na hata jani. Jua lilikuwa linaupiga ukuta kuanzia mchana mpaka linazama, na matofali yakishapata moto hayapoi mpaka watu wanalala. Feni mbili na kiyoyozi cha sebuleni havikupumzika. Nikinunua umeme leo, keshokutwa mita inalia.

Nikaingia kazini. Miti miwili upande wa machweo, ukoka palipokuwa na zege tupu, na kwenye ukuta nikafunga waya nikapandisha mmea wa kutambaa. Mwaka wa tatu ukuta wote ulikuwa kijani. Unauwekea kiganja saa kumi alasiri, umepoa kama mtungi. Feni nilizizima, na kiyoyozi nikakizima nikakifunika kitambaa.

Basi nikavimba kichwa. Wateja nawaleta nyumbani, nawazungusha mpaka kwenye ukuta ule, nawaambia wauguse. Nyuma ya ukuta huo ndipo kilipo chumba cha mama. Mama yuko dirishani, anatabasamu, anawakaribisha.

Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji.

Jambo moja tu lilinikera. Umeme ulishuka miezi michache, kisha ukaanza kuliwa tena. Nikafanya upelelezi wangu, nikamkamata mwizi: birika la umeme. Mke wangu alikuwa analiwasha asubuhi, jioni na kabla ya kulala. Nikimuuliza, anasema chai.

Chai gani hiyo, nyumba ya watu watatu?

Tuligombana zaidi kwa sababu ya birika kuliko kwa jambo lolote lingine katika ndoa yetu.

Kwa hiyo siku ile natoka kwa fundi, nilikuwa na hasira mbili. Mama anaikimbia nyumba, na mke ananificha kitu. Nikajumlisha mwenyewe. Kikulacho ki nguoni mwako.

Mama alipoingia bafuni kuoga, nikamfuata mke wangu jikoni. Birika linachemka. Sikumsalimia.

"Umemfanya nini mama yangu mpaka anashinda kwa majirani?"

Akafungua mdomo, akatupa jicho kwenye mlango wa chumba cha mama, akaufumba mdomo. Mimi huo ukimya nikaufanya ndio ushahidi. Nilimtolea maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa. Lililo jepesi kuliko yote ni kwamba kama mama yangu kamshinda, mlango anaujua.

Alizima birika, akachukua mkoba wake, akaenda kwa dada yake.

Jioni mama akatoka chumbani, anatembea kwa kushika ukuta, mgongo umepinda. Akauliza mwenzake, yaani mke wangu, yuko wapi, mbona hajamletea maji yake.

"Maji gani, mama?"

Hakutaka kusema. Nilimkalisha, nikambembeleza, ndipo yakatoka.

Mgongo ulikuwa unamuuma miaka mingi. Tulipohamia, kitanda chake alikisogeza mpaka kikagusa ukuta, kwa sababu jioni ule ukuta ulikuwa na joto. Akiuegemezea mgongo, maumivu yanalegea, anapata usingizi. Mmea wangu ulipoufunika, ukuta ukapoa. Mke wangu alimkuta analia. Kuanzia hapo akawa anamchemshia maji, anayatia kwenye chupa, anamuwekea mgongoni. Mara tatu kwa siku. Mchana, mama anakwenda kutafuta ukuta wenye jua.

Kumbe umeme niliouokoa kwa miti ndio uliokuwa unamrudishia mama joto nililomnyang'anya.

"Mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa unaleta watu wauguse," akasema. "Ningeanzia wapi, mwanangu? Nikamwapisha mwenzangu asikwambie."

Nililia mbele ya mama yangu, mtu mzima na ndevu zangu.

Asubuhi nikamchemshia maji mwenyewe, nikampa chupa, nikakimbilia kwa shemeji. Mke wangu alitoka akasimama mlangoni, hakunikaribisha ndani. Nikaomba radhi kwa kila neno nililokuwa nalo.

"Mama aliniomba ninyamaze, nikanyamaza," akasema. "Wewe hukuuliza. Ulihukumu."

Kisha akataka kujua kama mama kawekewa chupa. Nikasema ndiyo, tena kwa fahari kidogo.

"Uliizungushia taulo?"

"Taulo gani?"

Alivaa viatu, tukaenda karibu tunakimbia. Tulimkuta mama kalala kifudifudi. Mgongoni kuna lengelenge kubwa kama kiganja changu, na chupa bado iko kando yake. Hakuwa ameita mtu.

"Ni kidogo tu," akasema. "Maskini, ndio kwanza anajifunza."

Siku ile ile niliung'oa ule mmea wote kwa mikono yangu, na mti mmoja nikaukata. Mti wa pili na ukoka vimebaki upande wa sebule, na feni bado zinapumzika. Mke wangu alirudi, lakini alisema wazi kwamba amerudi kwa ajili ya mama. Mimi ananijibu nikimuuliza, basi. Kovu la mama nalipaka mafuta kila jioni, nalo haliondoki.

Wateja wakija wananiuliza mbona ukuta ule uko uchi. Nawaambia kabla hujapanda kivuli, zunguka vyumba vyote uulize nani anaota jua.

Na ukiuliza, kaa chini usubiri jibu, kwa sababu wanaokupenda hawatakwambia kwa haraka.