Ndege Niliyoipaka Mafuta ya Maganda ya Korosho

Kosa ni langu. Nalisema mwanzo kabisa nisije nikalizungusha. Nilidanganya neno moja tu, na mama wa watu akabeba lawama yangu.

Mimi huchonga ndege za mbao hapa Malindi, mfano wa zile ndogo zinazoshusha watalii. Mwaka ule wa njaa, wa mahindi ya manjano ya msaada, bei ya vanishi ilinishinda. Mafuta ya nazi nilikuwa nayo, lakini hayang'ai, na mteja hutazama mng'aro kwanza. Basi nikachukua yale mafuta meusi yanayotoka kwenye maganda ya korosho yakichomwa, ambayo watu hupaka mbao zisiliwe na mchwa. Nilipewa bure. Aliyenipa, lazima niseme haki, alinionya: "Haya yanababua, fundi. Si ya kuchezea."

Nami nilijua. Nilipaka nikiwa nimevaa mfuko wa nailoni mkononi. Nikajiambia yakikauka yatapoa.

Jirani yangu, Mama Kadzo, akaja kumnunulia bintiye wa mwaka na nusu.

"Fundi, huyu wangu kila kitu mdomoni. Umepaka nini humu?"

"Vanishi," nikasema. "Ishakauka."

"Hata akiitafuna?"

"Akiimaliza nitakuchongea nyingine."

Tukacheka.

Siku ya tatu midomo ya mtoto ilifura, ikatoka malengelenge mpaka shavuni. Akawa hawezi kunyonya. Daktari akauliza kama nyumbani kuna korosho mbichi. Zilikuwepo. Mavyaa yake Mama Kadzo, yaani mama wa mumewe, huchoma korosho na kuuza, na ndiye aliyekuwa akishinda na mtoto.

Nilikwenda kuwapa pole, nikawakuta uani, Mama Kadzo akimhoji mavyaa yake.

"Mama, uliziacha chini?"

"Sikuziacha, mwanangu."

"Basi hukunawa mikono."

Yule mama akaitazama mikono yake, akaigeuza. "Labda," akasema. "Labda sikunawa vizuri."

Ndege ilikuwa pale mkekani, bawa limetafunwa. Nikaiokota, nikasema naenda kuitengeneza. Nilipofika kwangu nikaitia motoni.

Nimejiuliza mara nyingi kama kweli ilikuwa ni ndege. Huenda mama alikuwa na mafuta mkononi kama alivyosema, siwezi kuapa. Lakini alama za meno niliziona kwa macho yangu, na nikazichoma.

Wiki ileile mavyaa alirudi kwao Ganze. Nisimsingizie Mama Kadzo, hakumfukuza. Aliondoka mwenyewe, akisema anaogopa kumshika mjukuu wake. Mtoto alipona, akabaki na kovu dogo.

Nilinyamaza miezi minane. Mwanzo niliogopa kupoteza wateja, nikajisingizia kuwa sina hakika. Kisha wateja wakaniacha wenyewe, maana kila nikishika msasa naiona ile midomo, naweka kazi chini.

Mwisho nikamwambia Mama Kadzo. Hakunitukana, na afadhali angenitukana. Alisema tu, "Twende ukamwambie mwenyewe."

Tukaenda Ganze na mtoto, tukamkuta mavyaa akipepeta mahindi. Nikamwamkia shikamoo, nikasema yote, mpaka la kuichoma ndege. Akanionyesha viganja vyake, vimepasukapasuka.

"Tangu pale mimi hunawa kwa jivu kila siku, mwanangu. Nilidhani ni mimi."

Mama Kadzo akampa mtoto. Mtoto akageuza uso, akalia, akamng'ang'ania mamake. Hakumjua tena. Bibi akarudisha mikono yake taratibu, akaendelea kupepeta.

Wamenisamehe. Sijui kama nilistahili.

Wewe unayechongea watoto, yeyusha nta ya nyuki kwenye mafuta ya nazi, pakaza kwa kitambaa, ufute yaliyozidi. Hayang'ai sana, na yakififia itabidi upake tena. Ukiwa huna hata hayo, piga msasa vizuri uache mti mtupu. Ukiulizwa umepaka nini, kitaje kwa jina lake.

Na kama umeshadanganya, nenda leo ukaseme, hata kama huna hakika. Mimi nilingoja hakika, na huku mtu asiye na kosa alikuwa akijilaumu.